Mzee Wangu Si Zilipendwa

Nina ugomvi na neno moja. Mnalijua. MC wa harusi akishaona wageni wa meza za mbele wamechoka na Bongo Fleva, anashika kipaza sauti na kusema, "Haya, sasa tuwakumbuke wazee wetu, zilipendwa!" Watu wanacheka, mashangazi wanainuka na vitenge vyao, zinapigwa nyimbo tatu, kisha DJ anarudi kwenye muziki wa leo. Redioni ni hivyohivyo: Jumapili mchana wanapewa muda wao, halafu basi. Sikiliza sarufi ya neno lenyewe. Wakati uliopita, kauli ya kutendwa. Zilipendwa. Na nani? Hatuambiwi. Upendo uliisha lini? Hatuambiwi pia. Tunajulishwa tu kwamba umeisha.

Mimi ni mpiga besi wa roki. Najua wengi mtajiuliza roki gani hiyo ya Dar es Salaam. Ipo. Ni ndogo, ina kelele, na kwa miaka mingi imeishi kwenye baa za Msasani na hoteli za Masaki, ikipigiwa wageni na Watanzania wachache wenye fulana nyeusi. Nimekuwa humo kwa zaidi ya miaka 20. Nimepiga Iron Maiden mpaka vidole vikaota sugu, nimefundisha vijana, nimeitwa fundi na watu wanaolijua neno hilo. Nataka mjue nilikuwa nimesimama wapi kabla sijaketi kwenye mkeka wa mtu Bagamoyo nikifundishwa kupiga dumu.

Ilianza kwa kiburi. Bendi yetu iliamua kurekodi wimbo mmoja wa dansi wa miaka ya 1970 kwa staili ya roki. Solo likakaa sawa, dramu zikakaa, sauti zikakaa. Besi ikagoma. Noti zote nilikuwa nazo, nilizinakili moja moja kutoka kwenye rekodi, lakini kila tulipojaribu wimbo ulitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Mpiga dramu wetu ana shangazi Bagamoyo. Akasema jirani ya shangazi kuna mzee aliyewahi kupiga besi kwenye bendi kubwa. Nikapanda gari Makumbusho, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, nikiwa na gitaa mapajani na hesabu kichwani kwamba shughuli itaisha mchana huohuo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Piga."

Nikapiga. Nilichagua kitu cha kasi, cha vidole vitatu, kile ninachowapigia watu ninapotaka wanyamaze. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akamalizia kahawa yake, akasema: "Unapiga vizuri, bwana mdogo. Ila unapiga peke yako."

Akaniambia niliweke gitaa chini. Akamtuma mjukuu wake alete dumu la maji la lita 20, tupu, akanionyesha kwa viganja vyake mapigo ya tumba, akaniambia niyashike mapaka atakaposema basi. Hakusema basi Jumamosi ile. Wala iliyofuata. Jumamosi mbili nzima nilipiga dumu kwenye baraza, mimi mwenye gitaa la mamilioni, huku yule mjukuu wa miaka tisa akiniambia, "Anko, umekosea tena." Na kweli nilikuwa nimekosea tena.

Nilichokuwa nakosea kinaelezeka. Katika roki niliyokulia, besi ni msumari. Pigo la kwanza linatua na wewe unatua nalo, pamoja na teke la dramu, na mara nyingi unalijaza kila pigo linalofuata. Katika besi ya mzee, pigo la kwanza mara nyingi lina mtu mwingine. Linaweza kuwa la tumba, linaweza kuwa la gitaa la rizimu, linaweza kuwa la mchezaji aliyeko sakafuni anayetua mguu. Wewe unaingia baada yake, noti mbili tatu, unaacha shimo, unarudi. Shimo hilo ndilo linalomwinua mtu kitini. Nilipozinakili noti kutoka kwenye rekodi sikuyanakili mashimo. Niliyaona kama mahali pasipo na kitu.

Halafu ikaja mikono. Mzee anapiga kwa dole gumba, na ubavu wa kiganja umelala juu ya nyuzi karibu na kidaraja, hivyo noti inatoka nene na inakufa mapema, kama ngoma. Siku ya tatu alichana kipande cha sponji kutoka kwenye godoro bovu na kukibana chini ya nyuzi zangu. Nilisikia gitaa langu likibadilika kabila. Sikumwambia kwamba kwenye kabati nina pedali tatu nilizoagiza nje nikitafuta sauti hiyohiyo.

Na chemko. Wanaojua dansi wanajua wimbo una nusu mbili: ile ya kwanza ambapo waimbaji wanasimulia kisa, na chemko, ambapo magitaa yanashika usukani na watu wanacheza kweli. Kwenye chemko besi inapewa sentensi moja fupi na kuirudia dakika sita, nane, kumi. Nilidhani hapo ndipo pa kupumzika. Dakika ya nne mkono ulianza kukaza, dakika ya tano nikaanza kuongeza madoido kwa sababu nilichoka kuwa yuleyule. Mzee akapiga kofi moja. "Nani amekuuliza?" Yeye hubadilisha noti moja, baada ya mizunguko mingi, na ukimtazama usoni unaona ameisubiri.

Sasa nije kwenye hasira yangu, maana sikukaa kuandika haya ili kusimulia safari ya kiroho.

Mtu huyu hana gitaa. Miaka yote ile ninayoisimulia hapa alinifundishia kwa gitaa langu, akinirudishia kila jioni. Nilipomuuliza la kwake liko wapi, aliniangalia kama nimeuliza swali la kitoto. Vyombo vilikuwa vya bendi. Hili vijana wengi hatulijui: bendi kubwa za dansi baada ya Uhuru nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa Juwata, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park, Sikinde wenyewe, walianza 1978 na baadaye wakawa wa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na yao, jeshi lina Mwenge Jazz, vijana wa chama walikuwa na Vijana Jazz. Mfumo huo ulikuwa na uzuri wake. Mwanamuziki alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara, jambo ambalo mimi na roki yangu hatujawahi kulionja. Lakini ukiondoka, unakabidhi. Mzee alikabidhi gitaa la besi alilolipiga miaka kumi na moja, akasaini kwenye daftari, akapanda gari kurudi Bagamoyo.

Miaka michache iliyopita kampuni moja ya Dar ilimwalika kwenye hafla yake. Usiku wa zilipendwa. Walimvalisha kofia yenye nembo, akapiga nyimbo mbili kwa besi ya kuazima, wakapiga naye picha, wakampa cheti na nauli. Hakuna aliyemuuliza anapigaje. Nimeuliza shule mbili za muziki kama zingemwajiri afundishe hata siku moja kwa wiki. Zote zilinijibu kwa swali moja: ana cheti gani? Nilitaka kuwaambia anacho kile cha kampuni.

Na hii ni Bagamoyo, jamani. Mji huu una Chuo cha Sanaa tangu 1981, sasa TaSUBa. Hapahapa aliishi na kufundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa ilimba na zeze, mpaka alipofariki Desemba 2003, na dunia ilikuja kumsikiliza. Alirekodi Uingereza katika lebo ya Peter Gabriel. Kwa hiyo tuliwahi kujua namna ya kumweka fundi mbele ya wanafunzi. Kwa ngoma na zeze tulijua. Gitaa la umeme likatuchanganya: si la asili vya kutosha kuwa urithi, si jipya vya kutosha kuwa biashara, likaangukia kwenye lile neno langu.

Lakini siwaachii wenye ofisi peke yao. Mimi nilikuwa nikilipa dola 20 kila mwezi kwa masomo ya video ya bwana mmoja wa California. Mwalimu mzuri, sina ubaya naye. Katika somo la tano alituambia habari za James Jamerson, mpiga besi wa Motown aliyepiga kwa kidole kimoja, mwenye sponji chini ya nyuzi zake. Mwaka 1983 Motown ilipoadhimisha miaka 25, Jamerson alijinunulia tiketi na kukaa nyuma kama mtazamaji mwingine. Alifariki miezi michache baadaye. Nilisikitika sana. Nilimsikitikia Mmarekani mwenye sponji huku kilomita 70 kutoka kitandani kwangu kuna mtu mwenye sponji.

Mwenzangu mmoja wa bendi aliniambia, "Bro, sisi ni roki, yule ni dansi, ladha tofauti." Nilikuwa nasema hivyo pia. Kisha jioni moja mzee akaanza, bila kuombwa, kupiga besi ya James Brown. Kumbe akiwa kijana alikuwa kwenye kikundi cha soul Dar es Salaam, suruali pana chini, nywele afro. Novemba 1969 uongozi wa mkoa ukapiga marufuku soul jijini, kwamba inaharibu vijana na si utamaduni wetu. Vijana wakatafuta njia nyingine, wengine wakaingia dansi, wengine wakachanganya. Miaka michache baadaye Dar hiyohiyo ilikuwa na Sunburst, waliopiga magitaa yenye kelele ambayo leo ungeyaita roki bila kusita. Albamu yao, Ave Africa, ni ya 1976. Mimi niliyejiona mgeni wa ajabu katika mji wangu, mwenye muziki wa kuazima, nilikuwa nimekalia mkeka wa mtangulizi wangu, na nilichukua miaka 20 kumfikia kwa sababu faili lake liliandikwa jina lingine.

Mtasema napamba wazee. Hapana. Wapo wanaoficha ujuzi, na mzee wangu ni mmojawao: mpito mmoja wa chemko alikataa kunionyesha mpaka mwezi wa nne, akigeuza mgongo kila akiupiga. Wapo wanaodharau kila kitu kilichotungwa baada ya 1985. Anapoanza kulaumu kompyuta namwacha amalize, halafu tunaendelea. Na sidai kila kijana aache anachokipenda akapige rumba. Neil Peart wa Rush, ambaye nusu ya wapiga dramu wa dunia walikuwa wanamwiga, katikati ya miaka ya 1990 alikwenda kwa mzee Freddie Gruber kujifunza upya hata namna ya kushika fimbo. Hakugeuka mpiga jazi. Alirudi Rush. Mimi pia nimerudi kwenye kelele zangu, na wale wa Masaki hawajui kwa nini siku hizi wanacheza badala ya kutikisa vichwa tu.

Ninachodai ni kidogo na kina bei. Ukimwita mzee jukwaani, mlipe kama unavyomlipa DJ. Ukiwa na shule, mpe saa, mpe gitaa, na hilo la cheti ulitafutie ufumbuzi wewe mwenye ofisi, usimwachie yeye wa miaka 75. Na wewe mwenye gitaa chumbani, mtaani kwenu yupo mmoja. Ulizia msikitini, ulizia kwenye bao, ulizia kwa shangazi. Fanya haraka. Watatu kati ya wenzake wa bendi mzee aliwazika ndani ya muda ambao mimi nimekuwa nikienda kwake.

Ada tulibishana. Hakutaka pesa, kumlipia mtu kukaa barazani, alisema, ni mambo ya Dar. Nikaacha bahasha chini ya kikombe, akamtuma mjukuu akimbie nayo mpaka stendi. Mwishowe mkewe alikata shauri: hela nimpe yeye, na mzee ajifanye hajui. Ndivyo tunavyofanya. Mwezi uliopita niliwapelekea gitaa la besi, la mtumba, zima, lenye mkoba. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka sikioni, akapiga uzi mmoja, akaniuliza ni la nani.

"Ni lako, mzee."

Hakunijibu. Alimwita mjukuu alete kisu na lile godoro.