Kura ya Jamii au Kura ya Hisa? Maoni kuhusu Istilahi Moja ya Blokucheni

Mfasiri anayeshughulikia maandishi ya blokucheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi zisizo chini ya mwenyewe mmoja, hafiki mbali kabla ya kukutana na swali la nani hurekebisha programu inayoliendesha daftari hilo. Maandishi asilia hujibu kuwa ni jamii ya watumiaji, kwa kura. Jawabu jepesi la mfasiri huwa “kura ya jamii”. Maoni yetu ni kwamba istilahi hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe si ya kisarufi wala ya kimtindo. Inampotosha msomaji kuhusu haki yake.

Tumchukue msomaji wa Kamachumu, wilayani Muleba, kwani jambo hili huenda likamfikia mapema kuliko wengi wetu tulio vyuoni. Mkulima wa kahawa wa huko ni mwanachama wa chama cha msingi, na juu ya chama hicho kuna chama kikuu ambacho historia yake inaanzia Bukoba Native Cooperative Union ya mwaka 1950, na ambacho leo huitwa KCU (1990) Limited. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kahawa iingiayo katika soko lake ijulikane ilitoka shamba lipi. Ingawa utekelezaji wake umeahirishwa, madaftari ya blokucheni ni miongoni mwa bidhaa zinazonadiwa kwa kazi hiyo. Basi siku mkulima huyu atakapoambiwa kwamba kanuni za daftari lenye habari za shamba lake hubadilishwa kwa kura ya jamii, ataelewa nini?

Ataelewa kile anachokijua. Masharti ya chama chake hubadilishwa katika mkutano mkuu, ambamo mwenye miche hamsini na mwenye miche elfu mbili wana kura moja moja, na mabadiliko hayana nguvu mpaka yasajiliwe na Mrajis. Kwake neno kura limekwisha kuachana na maana yake kongwe ya kubahatisha, ambayo bado imo katika kamusi zetu, likashikamana na usawa wa watu. Wala watu wa Kamachumu hawahitaji kufundishwa tofauti baina ya kuamriwa na kuridhia. Katika miaka ya 1950 mkutano wa Ali Migeyo hapo hapo, wakati wa upinzani dhidi ya kanuni za kikoloni za kilimo cha migomba, ulitawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi.

Sasa tutazame jinsi mambo yalivyo katika mitandao yenyewe. Katika Tezos, ambayo ilijengwa tangu mwanzo ili programu yake irekebishwe kwa kura, uzito wa kura hufuata wingi wa sarafu. Marekebisho yake ya kwanza, yaliyoanza kutumika Mei 2019 kwa jina la Athens, yaliteremsha kiasi cha chini cha sarafu kinachompa mtu nafasi ya kuhakiki na kupiga kura kutoka 10,000 hadi 8,000. Yaani kura ya kwanza ilihusu nani awe mpiga kura, na waliokuwa chini ya kiwango hawakuwa na sauti yao wenyewe katika kuamua kiwango hicho. Waliweza tu kumkabidhi sarafu zao aliyekifikia.

Mfano wa Steem unatufaa zaidi. Mtandao huo uliongozwa na wahakiki 20 walioitwa mashahidi, waliochaguliwa kwa uzito wa sarafu. Februari 2020 Justin Sun alinunua kampuni ya Steemit, iliyokuwa na fungu kubwa mno la sarafu hizo, na mashahidi wakabadilisha programu ili fungu hilo lisitumike. Mwezi uliofuata masoko ya sarafu, Binance likiwamo, yalipiga kura kwa sarafu ambazo wateja walikuwa wameziweka humo, na mashahidi wote 20 wakaondolewa. Binance ilieleza baadaye kwamba ilidhani ni marekebisho ya kawaida ya programu, ikaziondoa kura zake. Ni kana kwamba mwenye ghala ameingia katika mkutano mkuu akapiga kura kwa magunia ya wanachama yaliyolala ghalani mwake. Katika ushirika tendo hilo halina hata jina. Katika kura ya sarafu halikuvunja kanuni yoyote ya programu.

Walioshindwa walijitenga siku chache baadaye. Walinakili daftari zima, wakaacha nje fungu la kampuni, wakauita mtandao wao Hive. Watetezi wa blokucheni husema kwamba hiki ndicho kinga ya mnyonge, na hoja yao ina uzito. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika Tanzania, kura moja kwa kila mwanachama haikuviokoa, na hakuna mkulima aliyeweza kunakili daftari la chama akaondoka nalo. Lakini haki ya kuondoka si haki ya kuamua. Tukiziita zote kura, hatutaweza kuzijadili mbalimbali kwa Kiswahili.

Lugha yetu imekwisha kuzitenga. Mwenye kampuni ana hisa na mwenye chama ana uanachama, na hata asiyekwenda shule kijijini hachanganyi mkutano wa wanahisa na mkutano mkuu wa ushirika. Kwa hiyo tunapendekeza “kura ya hisa” kwa utaratibu wa uzito wa sarafu, “kujitenga” kwa tendo la kunakili daftari na kuondoka, na neno jamii liachwe mpaka utokee mtandao ambamo kila mtu ahesabiwa mara moja. Wachuuzi wa programu hawatalipenda pendekezo hili, kwa sababu “jamii” huuzika vizuri. Wanaotunga kamusi za TEHAMA hawauzi kitu, nao ndio tunaowaelekea.