Kiti si Dawa ya Uzee

Pita katika kijiji chetu asubuhi, utaona jambo hili. Baba mzee ameketi juu ya kiti mbele ya nyumba. Jua likigeuka, watoto wanahamisha kiti chake kivulini. Maji yanaletwa pale pale, na chakula vilevile. Akijaribu kusimama, mjukuu anakuja mbio: "Kaa tu, Babu, usijisumbue!" Jioni wanamshika mikono na kumwingiza ndani. Majirani wanasema, "Mzee huyu ana watoto wazuri."

Zamani mimi pia nilisema hivyo. Sasa sisemi tena. Nimefanya kazi miaka mingi katika nyumba ya wagonjwa, nami nimeona namna wazee wa kiti wanavyofika kwetu. Usiku mzee aliamka kwenda choo, akateleza, akaanguka. Mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Anachukuliwa, analazwa. Kisha mapafu yanaugua, vidonda vinatokea mgongoni, na wengine hawarudi nyumbani. Watoto wanalia wakisema, "Tulimtunza vizuri sana!" Ni kweli, walimtunza. Lakini kiti walichompa kwa upendo kiliondoa nguvu za miguu yake.

Sikiliza sababu. Nyama ya mwili isiyotumiwa inapunguka, na kwa mzee inapunguka upesi kuliko kwa kijana. Katika mwaka 2007 waganga wa Marekani waliandika habari za wazee wenye afya nzuri waliokubali kulala kitandani siku 10. Siku 10 tu, na miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama. Basi, mtu anayeketi mwaka mzima atapoteza ngapi?

Tena, mwili una walinzi watatu wanaouzuia usianguke. Wa kwanza ni macho. Wa pili anakaa ndani ya sikio. Wa tatu ni nyayo na viungo vya miguu, vinavyopasha ubongo habari za ardhi. Kwa uzee macho yanafifia. Kwa hiyo inafaa walinzi wengine wafanye kazi zaidi. Lakini mlinzi ambaye hapewi kazi anasinzia.

Mtu mmoja aliniuliza, "Mama yangu amelima miaka 50. Je, hiyo haitoshi?" Nilimjibu: Nguvu haziwekwi akiba kama mahindi ghalani. Zile za zamani zimekwisha kuliwa. Tena kazi ya jembe inapinda mgongo upande mmoja tu, nasi tunaifanya kwa haraka, mawazo yakiwa mahali pengine. Mwili wa mzee unahitaji kufundishwa kwa upole, na moyo ukiangalia kila hatua.

Watu wa China wanajua jambo hili tangu zamani. Wana mazoezi yanayoitwa taichi. Mtu anapinda magoti kidogo, anahamisha uzito wake pole pole toka mguu mmoja mpaka mwingine, anapumua kwa utulivu, na akili yake inafuata kila mwendo. Katika mwaka 1956 serikali yao ilitengeneza namna fupi yenye miendo 24, ili watu wengi waweze kujifunza. Katika mwaka 2018 habari za wazee 670 wa Oregon, kule Marekani, zilitangazwa. Wote walikuwa na miaka 70 au zaidi, na walikuwa katika hatari ya kuanguka. Walifanya mazoezi mara mbili kwa juma, kwa majuma 24. Wale wa taichi walianguka mara chache kuliko wale waliojinyosha tu. Hesabu ya kuanguka kwao ilikuwa chini kwa 58 katika mia.

Mwingine atasema, "Baba yangu amechelewa." Hapana. Katika mwaka 1990 waganga wa Boston walieleza habari za wazee 10, wa miaka 86 mpaka 96, waliofundishwa kuinua mizigo kwa miguu. Baada ya majuma 8, nguvu za miguu za wale waliomaliza zilizidi mara mbili.

Si lazima tupate mwalimu wa kutoka China. Mzee afanye hivi nyumbani, siku 3 za juma au zaidi:

1. Aketi juu ya kiti kigumu, asimame pole pole bila kujisukuma kwa mikono, aketi tena pole pole. Mara 5, akizoea, mara 10.

2. Asimame akishika ukuta. Ahamishe uzito kuume, kisha kushoto, akisikia uzito ndani ya nyayo.

3. Angali akishika ukuta, ainue mguu mmoja, ahesabu mpaka 10. Kisha mguu wa pili.

4. Atembee hatua 10 kando ya ukuta, akiweka kisigino mbele ya vidole vya mguu mwingine.

Wakati huo asizungumze, wala asiwaze madeni. Aangalie mwendo wake na pumzi yake. Mtoto mmoja asimame karibu, tayari kumshika, lakini asimbebe. Kama anasikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, au kama alivunjika karibuni, aulize munganga kwanza.

Nanyi wenye miaka 40, msicheke. Miguu yenu imekwisha kuanza safari ile ile. Mazoezi ya juma moja hayafai kitu. Yale ya miaka mingi ndiyo yanayomsimamisha mtu. Pole pole ndiyo mwendo.

Sisemi tuwaache wazee wateseke, wala tuwapelekee tena mizigo ya kuni. Nasema tusiwanyang'anye miguu yao kwa jina la heshima. Kesho jua litakapogeuka, usimhamishe Baba pamoja na kiti chake. Mwambie kwa adabu, "Baba, tafadhali simama, twende wote kivulini." Kisha umngojee, hata akikawia.