Zimwi la kwenye kitabu na zimwi la kumtishia mtoto

Mzazi anaponunua kitabu cha hadithi, mara nyingi hufungua kurasa mbili tatu palepale dukani kuona kama kuna kitu cha kumtisha mtoto. Akikuta zimwi lenye kucha na meno, hukirudisha mahali pake na kuchukua kile cha sungura na maua. Nia yake ni njema. Lakini mmoja wa watunzi na wachoraji wakubwa wa vitabu vya watoto alieleza kwa miaka mingi kwamba hofu haiingizwi na kitabu. Mtoto anayo tayari, na anachohitaji ni kuonyeshwa namna ya kuikabili.

Mtunzi huyo ni Maurice Sendak, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1928 na kufariki mwaka 2012. Kitabu chake kinachojulikana zaidi, Where the Wild Things Are, kilitoka mwaka 1963. Kinamhusu Max, mtoto mtundu aliyevaa vazi la mbwamwitu. Anafanya fujo nyumbani, mama anamkaripia, naye anajibu kwamba atamla mama. Anapelekwa kulala bila chakula. Chumbani miti inaota, bahari inatokea, na Max anasafiri kwa mashua hadi nchi ya mazimwi. Anayatuliza kwa kuyakazia macho na kufanywa mfalme wao. Baadaye anapakumbuka nyumbani, anarudi, na kukuta chakula chake kinamsubiri.

Farasi waligeuka mazimwi

Katika mahojiano mbalimbali, Sendak alisimulia kwamba mpango wa kwanza ulikuwa kitabu cha farasi wa porini. Mhariri wake, Ursula Nordstrom wa kampuni ya Harper, alilipenda wazo hilo. Tatizo ni kwamba Sendak hakuweza kuchora farasi. Mhariri alipomuuliza ni nini basi anachoweza kuchora, akajibu kwamba ni vitu tu, viumbe visivyo na jina.

Viumbe hivyo alivitoa wapi? Alisema ni ndugu zake. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Poland, na siku za Jumapili wajomba na mashangazi walikuja kula. Walimwinamia, wakamfinya mashavu huku meno yao mabovu yakionekana, na kumwambia kuwa ni mtamu kiasi cha kuliwa. Mtoto akabaki na wasiwasi kwamba mama akichelewa jikoni, watamla kweli.

Waswahili wana msemo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mazimwi ya Sendak ni ya namna hiyo. Yanatisha, lakini ni jamaa. Hata yanapotishia kumla Max, ni kwa sababu hayataki aondoke.

Picha zinazokua

Ufundi wa kitabu hiki uko kwenye vipimo vya picha. Mwanzoni picha ni ndogo, imezungukwa na nafasi nyeupe pana, kama mtoto aliyebanwa na amri za nyumbani. Kadiri hasira na mawazo ya Max yanavyopanda, picha nazo zinakua. Zinajaza ukurasa mzima, kisha zinavuka na kuingia ukurasa wa pili. Katikati ya kitabu, Max na mazimwi wanapocheza na kurukaruka, kuna kurasa pana tatu mfululizo zisizo na neno hata moja. Baada ya hapo picha zinaanza kupungua tena. Ukurasa wa mwisho hauna picha kabisa, una maneno machache tu yanayosema kwamba chakula bado ni cha moto.

Jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawaligundui ni kwamba mama haonekani katika picha yoyote. Yupo kwa sauti yake na kwa chakula chake. Sendak alisimulia kuwa neno lile la moto lilizua ubishi, kwa kuwa upande wa wahariri walitaka chakula kiwe cha uvuguvugu. Alikataa. Chakula cha moto kinamwambia mtoto kwamba mama alikuwa anamfikiria muda wote.

Waliokikataa

Si wote waliokipokea vizuri. Mwaka 1969 mwanasaikolojia maarufu Bruno Bettelheim alikikosoa katika jarida la Ladies' Home Journal, ingawa hakuwa amekisoma. Alihofia kwamba mtoto kunyimwa chakula na mama yake mwenyewe ni jambo la kutisha kupita mazimwi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana mtoto huutambua upendo kwanza kwa mkono unaomlisha. Lakini aliyefika ukurasa wa mwisho anajua kuwa Sendak alikuwa na jibu.

Tayari kitabu kilikuwa kimepata Nishani ya Caldecott ya mwaka 1964, ambayo hutolewa Marekani kwa kitabu bora cha picha. Akiipokea, Sendak alieleza kwamba watoto huishi na hofu na hasira kila siku, na kwamba mawazo ya kubuni ndiyo njia yao ya kuyafuga mazimwi yao. Alijua alichosema. Utotoni aliugua mara kwa mara na aliogopa kufa.

Hadithi si kitisho

Kwetu mazimwi hayakuanzia vitabuni. Bibi wengi wamesimulia habari za msichana aliyefungiwa na zimwi ndani ya ngoma, akaimba humo hadi wazazi wake wakaitambua sauti yake na kumtoa. Hadithi hiyo inatisha, lakini inamrudisha mtoto nyumbani.

Tofauti ipo pale mzazi anapomwambia mtoto kwamba asipolala zimwi litakuja kumchukua. Hapo hakuna ngoma wala wimbo, wala mzazi wa kuitambua sauti. Zimwi linaachwa mlangoni, taa inazimwa, na mtoto anabaki nalo peke yake. Mbaya zaidi, aliyeliita ni mtu yuleyule ambaye mtoto angemkimbilia.

Hivyo, anapochagua kitabu, mzazi asitazame meno ya zimwi tu. Asome hadi mwisho aone kama mtoto wa kwenye hadithi ameachwa njiani au amefikishwa nyumbani. Wakati wa kusoma, asikimbilie maneno. Penye picha kubwa atulie na kumwachia mtoto aseme anachokiona. Mtoto akiomba kitabu kilekile kwa mara ya kumi, asikatazwe, maana huenda bado ana kazi ya kumaliza na zimwi lake.

Na siku mtoto akikasirika hadi kusema maneno mazito, kama Max alivyomwambia mama yake, adhabu inaweza kuwepo, lakini sahani yake iwekwe pembeni na kufunikwa isipoe.