Siku nne kwa miaka mitatu ni dhuluma kwa mzazi wa mtoto mgonjwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, Namba 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua. Ukisoma kifungu cha 34 peke yake unaweza kudhani mtunga sheria alimwonea mzazi huruma. Kisome pamoja na kifungu cha 30, kinachoeleza maana ya mzunguko wa likizo, utakuta siku hizo nne ni za miezi 36. Tena si za ugonjwa wa mtoto tu. Ni hizohizo mfanyakazi atakazozitumia akifiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Aliyemzika mama yake Machi, mtoto akilazwa Juni, hana kitu. Sheria inamruhusu kuongeza siku, lakini bila mshahara.

Gazeti hili linasema kifungu hicho kibadilishwe, na kibadilishwe sasa. Kinamfaa mzazi ambaye mtoto wake amepata malaria Jumatatu na Ijumaa yuko uwanjani anacheza. Hakimfai hata kidogo mzazi wa mtoto mwenye maradhi sugu ya utumbo. Wazazi hao tunao, wamejaa kliniki za upasuaji wa watoto katika hospitali zetu za rufaa, na wengi wao wameshapoteza kazi au wako mbioni kuipoteza.

Uko ugonjwa wa Hirschsprung, unaoitwa kwa jina la daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886. Mtoto anazaliwa sehemu ya mwisho ya utumbo wake mpana ikiwa haina seli za neva, kwa hiyo haisukumi. Kinyesi kinakwama, tumbo linavimba na kuwa gumu. Hutokea takriban kwa mtoto mmoja kati ya 5,000 wanaozaliwa, wavulana wakiwa wengi karibu mara nne ya wasichana. Katika nchi inayozaa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, hao ni mamia kila mwaka. Mtoto mchanga mwenye afya kwa kawaida hupata choo chake cha kwanza, kile cheusi, ndani ya saa 24. Asipokipata kwa saa 48, hiyo ni dalili ya kumrudisha hospitali mara moja. Kwetu wengi hawarudishwi. Mama anaambiwa ni mchango, tumbo linapakwa mafuta, miezi inapita, na mtoto anafikishwa kwa daktari bingwa akiwa amedhoofu kiasi kwamba hawezi kufanyiwa upasuaji mkubwa hadi kwanza aongezwe uzito.

Wapo pia wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa, na idadi yao inakaribiana na hao. Wapo wakubwa kidogo wenye ugonjwa wa Crohn au vidonda vya utumbo mpana, maradhi ambayo madaktari wa Afrika Mashariki wanazidi kuyagundua, mara nyingi baada ya mtoto kutibiwa amiba au kifua kikuu cha tumbo bila nafuu. Majina ni tofauti, ila mzazi wa kila mmoja wao anatakiwa kuwapo, muda mrefu, na bila kujua ni lini atahitajika tena.

Tuchukue Hirschsprung. Kwanza mtoto anachukuliwa kinyama kupimwa. Kisha anafanyiwa kolostomi, yaani utumbo unatolewa ubavuni ili choo kipitie hapo. Anakaa hivyo miezi, wengine zaidi ya mwaka, wakisubiri operesheni ya kukata sehemu isiyo na neva na kuushusha utumbo mzima hadi chini. Baadaye tundu la tumboni linafungwa. Halafu mama anafundishwa kuitanua njia ya haja kwa kifaa maalumu nyumbani, kila siku, kwa wiki nyingi. Hata baada ya yote hayo, baadhi ya watoto wanavuja au wanafunga choo kwa miaka. Na wakati wowote katika safari hiyo utumbo unaweza kushambuliwa: homa, tumbo kujaa, kuhara kunakonuka vibaya. Hapo haisubiriwi kesho, kwa sababu mtoto anaweza kufa.

Hebu mwangalie mama huyo saa kumi na moja alfajiri, chumba kimoja cha kupanga. Mfuko wa kolostomi umeachia usiku, shuka limeloa. Mifuko ni ghali na mara nyingi haipatikani, kwa hiyo huo mmoja ulishaoshwa na kurudishwa mara kadhaa. Anaosha ngozi iliyochubuka kuzunguka utumbo mwekundu uliotokeza, anaikausha kwa pamba, anapaka krimu, mtoto analia. Gundi haishiki tena. Anakunja kitambaa safi, anakifunga kwa kanga tumboni, anajua kitadumu saa mbili, labda tatu. Saa moja na nusu anatakiwa kuwa amesaini daftari la mahudhurio. Dada wa kazi wa kwanza aliondoka kwa sababu ya harufu. Kituo cha kulelea watoto kilikataa kumpokea. Bibi yuko kijijini. Nani abaki na mtoto?

Na hiyo ndiyo siku nzuri. Siku mbaya ni ile anayolazwa. Wodi zetu zinamtegemea mama: yeye ndiye anayemlisha mtoto, anayemwogesha, anayekimbilia duka la dawa, anayemwita nesi dripu ikisimama. Wiki mbili wodini ni jambo la kawaida. Sasa pigeni hesabu. Siku zenye malipo ni nne, kama bado zipo. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinahesabu kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika kuwa kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha mtu. Barua ya kujieleza inaandikwa mama akiwa bado analala chini ya kitanda cha mtoto.

Wazazi wengi hula kwanza likizo yao ya mwaka, siku 28, zote wodini. Zikiisha wanabadilishana zamu na wenzao mpaka wenzao wanachoka. Kisha wanaanza kudanganya kwamba wao wenyewe ni wagonjwa, kwa sababu mfanyakazi akiugua sheria inampa hadi siku 126 katika mzunguko uleule wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Tafsiri yake ni kwamba utumbo wa mfanyakazi una thamani ya siku 126 na utumbo wa mwanawe una thamani ya siku nne, ilhali ni mtoto ndiye asiyeweza kujihudumia. Tunawataka waliopitisha sheria hiyo watueleze mantiki yake.

Kibarua kikiota nyasi, madhara hayaishii kwenye mshahara. Mtumishi wa umma anachangiwa bima ya NHIF kwa asilimia sita ya mshahara wake, nusu akitoa yeye na nusu mwajiri, na kadi hiyo inamhudumia mwenzi na wategemezi hadi wanne. Ajira ikikoma na uchangiaji unakoma. Mtoto aliyekuwa akisubiri operesheni ya pili anaanza kulipiwa taslimu na mzazi asiye na kipato, na ndipo inapoingia mikopo ya kausha damu. Mzazi anafukuzwa kwa sababu anauguza, na kwa kufukuzwa anakosa uwezo wa kuuguza.

Waajiri watasema hawaendeshi hospitali. Hoja yao tunaielewa nusu. Mwenye duka lenye wafanyakazi watatu hawezi kumlipa mmoja wao miezi miwili asiyokuwapo, na sheria itakayomtwisha mzigo huo peke yake itamfundisha kutoajiri akina mama. Ndiyo maana tunasema malipo ya likizo hii yatoke kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao mwajiri na mfanyakazi tayari wanauchangia kila mwezi, na ambao tayari una fao la uzazi. Sweden inafanya hivyo kwa fedha za bima ya jamii: mzazi ana hadi siku 120 kwa mwaka kwa kila mtoto anayeugua, kwa malipo ya karibu asilimia 80 ya kipato, na mwenye mtoto aliye mahututi hawekewi ukomo huo. Hatuna utajiri wa Sweden. Lakini kati ya siku 120 kwa mwaka na nne kwa miaka mitatu pana nafasi kubwa mno ya kufanya jambo la maana. Jirani zetu Kenya, ambao Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 haitaji likizo ya ugonjwa wa mtoto hata siku moja, wasiwe kipimo cha kujipongezea.

Nusu ya pili ya hoja ya waajiri tunaikataa. Kifungu cha 7 cha sheria yetu kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya majukumu ya kifamilia. Maneno hayo yamo, yameandikwa. Meneja anayempunguzia mama zamu, anayemnyima mkataba mpya kwa kuwa "mtoto wake anaumwaumwa", anavunja sheria iliyopo leo, si ile tunayoiomba.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya waajiri, kwa kuwa hospitali zake zinakula siku za kazi za wazazi kuliko ugonjwa wenyewe. Mtoto anafungishwa chakula tangu usiku, mchana mama anaambiwa operesheni imeahirishwa hadi wiki ijayo, na wiki ijayo vilevile. Mzazi anasafiri kutoka mkoani hadi hospitali ya kanda ili nesi amwangalie mtoto ngozi kwa dakika kumi. Kazi hiyo ingeweza kufanywa na nesi wa hospitali ya mkoa au wilaya aliyefundishwa kutunza kolostomi na kuosha utumbo kwa maji ya chumvi. Mifuko iwekwe Bohari ya Dawa na ifike wilayani. Kwa mama lishe, machinga na kibarua wa shambani, ambao ni wengi kuliko wenye ajira na ambao kifungu cha 34 hakiwagusi, hatua hizi ndizo pekee zitakazowarudishia siku zao.

Na akina baba. Kwa sehemu kubwa anayeacha kazi ni mama, na anayeondoka nyumbani ni baba. Likizo tunayoidai iwe ya wazazi wote wawili, kila mmoja kwa siku zake asizoweza kumhamishia mwenzake, ili pasiwe na mwanamume wa kusema kuuguza hakumhusu.

Mabadiliko haya yanawezekana. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yalimwongezea likizo mama aliyejifungua mtoto njiti, kwa sababu Bunge lilikubali kwamba mtoto huyo anahitaji muda zaidi wa mama yake. Mtoto mwenye utumbo ubavuni anahitaji muda huohuo, kwa sababu ileile. Waziri mwenye dhamana ya kazi apeleke bungeni muswada unaotenganisha ugonjwa sugu wa mtoto na misiba, unaohesabu siku kwa mwaka badala ya miezi 36, unaokubali cheti cha daktari bingwa kuwa ushahidi wa kutosha, na unaozuia kumfukuza mzazi wakati mtoto yuko wodini.

Hadi muswada huo upite, mzazi aliyefukuzwa kwa kuuguza ana siku 30 za kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Atunze kila karatasi ya kulazwa na kila ujumbe wa simu aliomtumia msimamizi wake kuomba ruhusa. Vyama vya wafanyakazi vinavyomkata ada kila mwezi vimwandikie shauri hilo na kusimama naye mbele ya msuluhishi.