Shilingi 160 Zilizopotea Kumbukumbuni

Mzazi aliye kazini Tororo au Busia, ambaye kijana wake anasomea uandishi wa programu za kompyuta, huenda siku moja akamkuta ameikodolea macho mistari ya tarakimu kama 4F na A0, akadhani umeme unapotea bure. Sivyo. Kijana huyo anaichungulia kumbukumbu ya kompyuta, yaani vile vyumba vidogo viitwavyo baiti, ambamo kila herufi na kila hesabu huhifadhiwa.

Programu inapokosea, fundi hutumia programu nyingine ya kutafutia makosa. Ijulikanayo sana ni GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1986, nayo huendeshwa kwa kuandika amri. Katika miaka ya 1990, huko Ujerumani, Dorothea Lütkehaus na Andreas Zeller waliiwekea uso wa picha ulioitwa DDD: thamani huonekana ndani ya masanduku yaliyounganishwa kwa mishale. Ni kazi nzuri mno. Lakini sanduku huonyesha thamani chini ya jina lililotolewa na mwandishi wa programu. Yaliyotokea pembeni mwake halielezi.

Ichukuliwe mathalani orodha ya mishahara ya kubuni, iliyoandikwa kwa lugha ya C. Kila askari ametengewa baiti sita za jina la kwao, na mara baada yake, bila nafasi katikati, baiti nne za mshahara. Askari wa Iyolwa anastahili shilingi 100,000. Katika kompyuta nyingi za leo kiasi hicho hukaa hivi: A0 86 01 00. Hiyo ni hesabu ya kumi na sita, ambapo baada ya 9 hufuata A hadi F, na sehemu ndogo ya kiasi hutangulia. A0 peke yake ni 160. Kisha programu inaandika IYOLWA: 49 59 4F 4C 57 41. Baiti sita zimejaa. Ila kwa kanuni ya C neno hufungwa kwa sifuri, na sifuri hiyo, ikikosa mahali, huingia chumba cha jirani na kuifuta ile A0. Mshahara sasa ni shilingi 99,840, wala hakuna mkono wa mtu ulioiba. Askari wa Tororo naye hupunjwa vivyo hivyo. Wa Busia, ambaye jina la kwao lina herufi tano tu, hulipwa kamili. Hapo ndipo karani wa mishahara asiye na hatia anapoanza kutukanwa.

Sanduku litaonyesha 99,840 na kunyamaza. Dirisha la kumbukumbu litaonyesha baiti zote kumi kwa mfululizo, 49 59 4F 4C 57 41 00 86 01 00, na jicho lililozoea litaiona sifuri imekaa mlangoni mwa mwenziwe.

Kuliongeza dirisha hilo hakuhitaji kujenga chombo upya. GDB tayari ina amri ya herufi moja, x, isomayo kumbukumbu. DDD humpa fundi mahali pa kujaza: baiti ngapi, kwa hesabu ya aina gani, kuanzia anwani ipi, kisha huipeleka amri kwa GDB na kuonyesha jibu. Ugumu uko kwingine. Programu ikisonga hatua moja, dirisha lisiposomwa upya huwa ni ripoti ya doria ya jana, na kila askari ajua hatari ya kuitegemea. Aidha, si kila anwani husomeka. Mfumo ukikataa, dirisha liseme hivyo waziwazi, lisijaze sifuri za uongo, maana sifuri nayo ni thamani.

Akiisha kuijua anwani ya ile A0, fundi huiagiza GDB iisimamishe programu mara baiti hiyo inapobadilika. Mstari wenye kosa hujitokeza wenyewe: ni ule unaonakili jina. Chumba cha jina kikifanywa baiti saba, askari wa Iyolwa hupata shilingi zake 100,000.