USIIFICHE BARUA



Leo naongea na wewe uliyepewa barua. Unaijua ninayoisema. Ile inayoanza kwa kukushukuru kwa miaka uliyofanya kazi, halafu aya ya pili inakwambia nafasi yako haipo tena. Labda hata barua hukuandikiwa. Ulifika getini asubuhi, askari akakwambia jina lako halimo kwenye orodha. Au ni meseji iliyoingia usiku ukiwa mezani na watoto.

Naongea pia na wewe ambaye bado una kazi, kwa sababu mwenye barua anaweza kuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwako kila Jumapili na hujui.

Fungua 2 Wafalme 19. Mfalme Hezekia alipata barua mbaya kutoka kwa Senakeribu wa Ashuru. Ilimwambia asijidanganye na Mungu wake, kwamba mji wake utaanguka kama miji mingine ilivyoanguka. Angalia alichofanya katika mstari wa 14. Aliisoma, akapanda nayo mpaka nyumbani mwa BWANA, akaifungua yote mbele za Mungu. Hakuisukuma chini ya godoro. Hakuwaambia watu kwamba Ashuru wamemsalimia tu.

Neno langu la leo ni hilo moja: usiifiche barua. Kwa miaka niliyochunga kondoo wa Mungu, nimeona nyumba zikipoteza mshahara na zikasimama. Zile nilizoona zikianguka, nyingi zilianza kuanguka siku mtu alipoamua kuficha.

Unajua inavyokuwa. Baba anaamka saa kumi na moja kama kawaida, anavaa sare, anashuka mpaka Likoni na kuvuka na feri, kwa sababu mtu wa miguu halipi kitu. Anaenda kukaa Mama Ngina, anaangalia meli zikiingia bandarini mpaka jua lishuke. Jioni anarudi na kusema kazi leo ilikuwa nzito. Mama naye, kule Mtopanga, anatoka na begi lake la kazi ya hoteli, anashinda kwa rafiki yake Kongowea. Mwisho wa mwezi "mshahara" unapatikana kwa mkopo wa simu. Mwezi wa pili anakopa kwingine kulipa ule wa kwanza. Mwezi wa tatu Fuliza imemeza kila shilingi inayoingia, mwenye nyumba anagonga mlango, na mke anasikia habari yote kwa jirani penye mfereji wa maji.

Sasa kuna majonzi mawili ndani ya nyumba moja. La kazi linaweza kupona. Lile la "kwa nini hukuniambia?" linachukua miaka.

Kwa nini tunaficha? Kwa sababu ya aibu. Na aibu hiyo, wapendwa, mara nyingine sisi watumishi ndio tunaoilisha. Tumezoea ushuhuda wa aliyepata kazi, aliyepandishwa cheo, aliyenunua gari. Aliyeachishwa hana mahali pa kusimama. Basi anaketi kule nyuma na kujiuliza: ni dhambi gani niliyofanya? Ni laana ya ukoo? Nani amenifunga?

Hebu tuangalie historia ya huku kwetu. Kule Changamwe kulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963. Watu walilea watoto na wajukuu kwa mishahara ya pale. Septemba 2013 kikaacha kusafisha mafuta. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa, kampuni za utalii zikawarudisha wageni kwa ndege kabla likizo zao hazijaisha, na hoteli kutoka Shanzu mpaka Diani zikafunga milango na kupunguza watu. Agosti 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo ya Nairobi na bara ipande treni ya SGR ikatolewe ushuru huko Nairobi. Madereva, makarani, wapakiaji, mama wa chakula wa Miritini, wote wakaguswa, na watu wakaandamana barabarani kila Jumatatu. Mwaka 2020 ikaja korona. Amri ile ya mizigo ilikuja kubatilishwa Septemba 2022, lakini aliyeuza kitanda chake mwaka 2019 hakurudishiwa kitanda.

Nakuuliza: wale wote walikuwa na laana? Walikuwa hawaombi? Hapana. Maamuzi yalifanywa mbali, kwenye ofisi ambazo hawakuwahi kuingia, na mshahara ukakatika Chaani. Katika 1 Wafalme 17, Mungu mwenyewe ndiye aliyempeleka Eliya kwenye kijito cha Kerithi. Eliya alitii. Alikuwa mahali hasa alipotumwa. Na bado mstari wa 7 unasema kijito kilikauka, kwa sababu mvua haikunyesha. Sababu iliyoandikwa ni mvua. Haikuandikwa dhambi ya Eliya. Kijito kinaweza kukauka na wewe uko ndani ya mapenzi ya Mungu.

Basi ufanye nini na barua? Nakupa mambo matatu kutoka kwa Hezekia yuleyule.

LA KWANZA: IFUNGUE NYUMBANI. Hezekia hakubeba mzigo peke yake. Alituma watu kwa nabii Isaya wakamweleze jinsi mambo yalivyo. Wewe pia, kabla wiki haijaisha, keti na mwenzako. Watoto wakishalala, weka barua mezani. Sema, "Mama Fulani, kazi imeisha." Usiongeze hotuba. Kama unaishi peke yako, mwambie ndugu yako au kiongozi wa ushirika wa nyumbani. Watoto wakubwa pia waambiwe kwa lugha yao. Watoto wanajua. Wanaona sukari imepungua kwenye chai, na wasipoambiwa ukweli watajitungia wa kwao, unaotisha zaidi.

Na wewe unayeambiwa, mke au mume, ulimi wako siku hiyo una kazi kubwa. Usiseme "nilikwambia." Usimlinganishe na shemeji. Mwandalie chakula, ale, alale. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika hakumhubiria kwanza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kama mwenzako anaanza kuongea habari za kutotaka kuishi, usimwache peke yake, na usingoje Jumapili. Mpeleke hospitali na utupigie simu, hata saa nane usiku.

LA PILI: ISOME VIZURI. Hezekia aliisoma barua kabla ya kupanda nayo hekaluni. Wengi wetu tunaomba juu ya barua ambayo hatujaisoma. Kudai haki yako hakukosi imani. Mtume Paulo alipotaka kupigwa mijeledi, alisema yeye ni raia wa Rumi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri anayepunguza watu kwa sababu kazi yenyewe imepungua lazima atoe taarifa kwa maandishi, kwa chama cha wafanyakazi kama wewe ni mwanachama, au kwako na kwa afisa wa leba, si chini ya mwezi mmoja kabla. Lazima akupe notisi ya mwezi au akulipe mshahara wa mwezi badala yake. Siku za likizo ulizokuwa hujachukua zilipwe kwa pesa. Na kwa kila mwaka uliotimiza, ulipwe mshahara wa siku zisizopungua 15. Piga hesabu: kama siku yako ni shilingi 1,000 na umetimiza miaka 6, hiyo ni 15 mara 6 mara 1,000, yaani shilingi 90,000. Hizo ni mbali na notisi na likizo. Sheria pia inakupa haki ya cheti cha kuonyesha umefanya kazi pale.

Usitie sahihi karatasi inayosema umelipwa kila kitu kabla ya kujua kila kitu ni kiasi gani. Nenda ofisi ya leba. Kuna Mahakama ya Ajira na Kazi hapa Mombasa, na kwa kawaida una miaka mitatu ya kufungua madai, lakini usingoje ukumbi ufungwe. Na wewe wa kibarua usijidharau. Aliyefanya kazi mfululizo kufikia mwezi mzima, kifungu cha 37 kinamtazama tofauti na mtu wa siku moja. Kaulize.

LA TATU: LINDA MAJI. Soma 2 Mambo ya Nyakati 32. Kabla adui hajafika, Hezekia aliziba chemchemi za nje ya mji ili Ashuru wasipate maji, na akajenga ukuta uliobomoka. Mtu yuleyule wa maombi ndiye aliyesimamia maji. Pesa ya mwisho uliyolipwa ndiyo maji yako. Iandikie kazi kabla haijaingia kwenye simu: chakula, kodi ya nyumba, shule. Kumbuka na bima ya SHA, kwa sababu mwajiri ameacha kukukatia. Mchango mdogo kabisa wa anayejilipia ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 3,600. Ugonjwa haungoji upate kazi.

Ziba chemchemi zinazomnywesha adui. Kubeti ni moja, usidanganyike kwamba 500 italeta mtaji. Wakala anayetaka pesa leo ili akupeleke Ghuba kesho ni nyingine. Uliza kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. "Mtu wa ndani" anayeuza nafasi bandarini ni ya tatu.

Na ya nne nitaisema wazi, hata kama wengine watanikasirikia. Asije mhubiri yeyote, wa televisheni au wa mtaani, hata mimi mwenyewe, akakwambia upande pesa ya kuachishwa kazi kama mbegu ili Mungu akufungulie kazi kubwa. Katika Marko 7 Bwana Yesu aliwakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada wakisema pesa hiyo ni Korbani, imeshatolewa kwa Mungu. Mungu hakupokea sadaka hiyo kwa furaha. Pesa hiyo ni unga wa watoto wako. Nunua unga. Hakuna mbinguni atakayekuandika mwasi kwa kununua unga. Sadaka yako ya shilingi 20 yenye moyo safi inafika palepale.

Halafu shika kilicho mkononi. Yule mjane wa 2 Wafalme 4 aliulizwa ana nini nyumbani, akasema hana kitu ila chupa ya mafuta. Wewe una mikono. Mpishi wa hoteli anaweza kuuza mahamri na mbaazi mlangoni. Karani anaweza kuwaandikia watu barua na kuwajazia fomu. Usiseme "mimi nilikuwa supavaiza." Ulikuwa. Leo una watoto wanaokula. Kazi yenye mshahara endelea kuitafuta, lakini usiitafute ukiwa umekunja mikono.

Neno kwa kanisa sasa. Marafiki wa Ayubu walipokuja, walikaa naye siku saba kimya. Hapo ndipo walipofanya vizuri. Waliharibu walipofungua midomo. Basi mtu akikwambia ameachishwa, usikimbilie kumwambia Mungu ana mlango mkubwa zaidi. Huenda ni kweli, lakini leo muulize watoto wamekula nini. Peleka pakiti mbili za unga. Mwambie ukisikia nafasi utamwambia, kisha ukisikia umwambie kweli. Usimtoe kwenye chama kwa sababu mchango wake umechelewa. Na viongozi wa ushirika, nataka siku ya ushuhuda tumsikie pia yule ambaye bado anatafuta.

Nawe uliyeachishwa, msaada usiuchagulie mlango. Kijito kilipokauka, Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta, nchi ya watu wasiomjua Mungu wa Israeli. Huku Likoni na Kisauni tunaishi ukuta kwa ukuta na ndugu zetu Waislamu. Jirani akikuletea sahani ya futari kwa kuwa ameona jiko lako halina moshi, pokea kwa mikono miwili, useme ahsante.

Sikuahidi kwamba kazi itapatikana mwezi huu. Sijui tarehe hiyo, na anayekutajia tarehe anakudanganya. Ninachojua ni kwamba Mungu hakumwona Hezekia mjinga kwa kumletea barua ya watu. Aliisoma pamoja naye.

Leo jioni, kabla ya kulala, itoe pale ulipoificha. Mwite mwenzako. Kisha ombeni hivi:

Baba, hii hapa barua. Umeiona kabla yetu. Tuondolee aibu. Tupe chakula cha kesho na amani ya usiku huu. Tupe ujasiri wa kudai kilicho haki yetu na unyenyekevu wa kupokea msaada. Tulinde tusilaumiane. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama barua ni yako, usiandike habari zako hapa chini mbele ya watu wote. Niandikie inboksi, au njoo ofisini Jumatano baada ya maombi ya mchana. Kama si yako, kuna mtu umemfikiria ulipokuwa unasoma. Mpigie sasa hivi.

Mbarikiwe.