Injini ikizima ghafla barabarani

Gari la spoti la mtumba ni ndoto ya vijana wetu wengi hapa Uingereza. Bei ya kununua huwa inavutia. Gharama imejificha kwenye injini.

Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi, alinipigia simu akiwa kando ya M1. "Shikamoo mjomba, gari limezima lenyewe." Nikamuuliza: mko ndani au nje? "Ndani, mvua inanyesha." Nikamwambia watoke kwanza, mengine tutaongea baadaye. Gari lililosimama kando ya barabara hugongwa, na aliyekaa ndani hana pa kukimbilia.

Wazazi, waelezeni vijana haya mapema. Injini ikizima, usukani huwa mzito lakini bado unageuka. Breki hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu, kwa hiyo usipampu. Kanyaga mara moja kwa uthabiti. Usichomoe ufunguo gari likiwa linatembea, maana usukani unaweza kujifunga. Washa taa za hazadi, weka gia huru, uliache gari liserereke hadi kando, upande wa kushoto. Tokeni wote kwa milango ya kushoto, mkasimame nyuma ya uzio wa chuma, ndipo mpige simu. Kwenye barabara kubwa kama M1 usiweke pembetatu ya tahadhari. Gari likikwama katikati ya njia na hakuna namna salama ya kutoka, bakini na mikanda, hazadi ziwake, mpige 999.

Usijaribu kuiwasha tena. Kama taa nyekundu ya oili iliwaka au mlisikia kishindo, kila jaribio linaweza kugeuza tatizo dogo kuwa injini iliyonoki. Mkanda wa taimingi ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu, na kuwasha tena huongeza hasara.

Baada ya hapo, tafuta risiti. Ukinunua kwa mfanyabiashara wa magari, Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inakulinda. Ndani ya siku 30, gari likiwa na kasoro iliyokuwepo tangu siku ya kununua, unaweza kulirudisha na kudai fedha zako zote. Zikipita siku hizo, muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza. Akishindwa, unaweza kulirudisha au kudai upunguziwe bei. Katika miezi 6 ya kwanza ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwepo. Mwandikie kabla fundi mwingine hajafungua injini, na umwombe fundi ripoti ya maandishi.

Ukinunua kwa mtu binafsi, ulinzi ni mdogo: gari lazima lilingane na alivyolieleza. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mpelekeni fundi alikague. Malipo ya fundi ni kidogo mno ukilinganisha na bei ya injini.